Ukungu Usiokuja Jumapili

Ednah Runji hakumpenda mtu anayekutajia jina la mwizi kabla hajakukaribisha chai, na Muthamia, mwenye ukumbi wa gemu aliyemwita, alilitaja wakati Ednah bado anafunga mlango wa gari.

"Ni Mithika," alisema. "Wewe nitafutie ushahidi tu, Madam. Koplo Kaburu anakuja kumchukua saa kumi."

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, sokoni Muthara. Ednah alikuwa ameondoka Manyatta, kule juu ya Embu mjini, kabla jua halijachomoza, na tumbo lilikuwa linamdai. Alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka kumi na miwili, kitengo cha ushahidi wa simu na kompyuta, kisha akaacha na kufungua ofisi yake mwenyewe. Kwa hiyo alimweleza Muthamia, kwa upole wote alioweza kuukusanya, kwamba yeye hamtafutii mtu ushahidi. Hutafuta kilichotokea. Kikimwangukia Mithika, sawa. Kikimwangukia mtu mwingine, asije mtu akanuna.

Chai ilikuja hatimaye, mkononi mwa Karwirwa, mke wa Muthamia, aliyeuza chapati na mayai mlangoni pa ukumbi wa mumewe. Ednah aliinywa amesimama huku akielezwa mambo yalivyokuwa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu chenye skrini sita ukutani na viti vya plastiki. Mashine ya gemu hata moja haikuwemo, na Muthamia alijivunia jambo hilo kuliko rangi mpya ya kuta. Gemu zilikuwa zinaendeshwa na kompyuta kubwa zilizo mbali, za kampuni, na kilichofika Muthara kilikuwa picha peke yake, ikija kwa intaneti. Mchezaji akibonyeza padi, amri inakwenda huko, picha inarudi. Kinachotakiwa ni intaneti nzuri tu, na Muthamia alikuwa nayo: waya wa faiba uliishia Maua, kutoka hapo intaneti ikarushwa hewani hadi antena iliyo kwenye kigongo cha mlima, na kutoka kigongoni ikarushwa tena hadi juu ya paa lake.

Tangu mwezi wa tatu picha ilikuwa imeingia ukungu. Haikatiki wala haigandi, ila wachezaji wa mpira wanageuka madoa na nambari za jezi hazisomeki. Wateja wakaanza kutafuta sababu za kwenda nyumbani. Muthamia naye akafikiri haraka haraka, jinsi mtu mwenye hasira anavyofikiri: intaneti ninayolipia ni nyingi, inayofika ni kidogo, basi hapo katikati kuna mtu anakunywa. Nywila anayo Mithika, msimamizi wa ukumbi. Wauza miraa hujaa hapo nje asubuhi, simu mkononi. Jumatano alivuta friji ya soda akakuta ruta nyingine nyuma yake. Hakungoja zaidi. Alimwita Mithika mwizi mbele ya wateja, akamnyang'anya funguo, akaenda kituoni kuandikisha ripoti.

Karwirwa alisubiri mumewe ageuke ndipo akasema lake. Mithika alikuwa amepata kazi Embu, fundi wa kompyuta katika hospitali moja. Barua anayo. Anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao akiwa na cheti cha tabia njema kutoka polisi, na mtu mwenye kesi hapewi cheti hicho hata akilia machozi ya damu.

"Akichukuliwa leo, kazi imeenda," Karwirwa alisema. "Na mama yake alishachinja mbuzi."

Ednah alimrudishia kikombe. Hadi saa kumi zilikuwa zimebaki saa tano na kitu, na yeye alikuwa amewahi kumaliza kesi ngumu kuliko hii kwa muda mfupi zaidi. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hasira kidogo tu, na hasira humsaidia kufanya kazi.

Alianza kwa kuangalia. Alimkalisha kwenye skrini ya kwanza mteja mmoja aliyekuwepo, Gatwiri, msusi wa nywele aliyewafunga mabao wanaume wote wa soko hilo na hakuwa akilificha jambo hilo. Gatwiri akaanzisha mechi. Ukungu ulikuwa hapo hapo, mzito, nyasi zimekuwa uji wa kijani.

"Hii si kucheza, ni kubahatisha," Gatwiri alilalamika. "Kipa namjua kwa rangi ya glavu tu."

Ednah alimwambia apige mpira golini kila atakaposikia kofi. Akapiga makofi mara kumi, akitazama skrini. Kila kofi, mguu wa mchezaji kwenye picha ulirushwa pale pale. Sauti ya mashabiki nayo ilikuwa safi, haina mikwaruzo. Aliandika mambo hayo mawili kwenye kitabu chake na kuyapigia mstari, kwa sababu yalikuwa hayapatani na hadithi ya mwizi. Watu wengi wakigombania intaneti moja, kila kitu huchelewa: unapiga sasa, mpira unaondoka kesho. Hapa hapakuwa na foleni. Njia ilikuwa imekuwa nyembamba tu, na ile kompyuta ya mbali, ikiona njia ni nyembamba, ilikuwa inapunguza ubora wa picha ili ipite.

Akaingia kwenye vyombo. Alichomeka flashi yenye picha ya harusi ya dada yake, na skrini ikaionyesha mpaka nyuzi za kitambaa, kwa hiyo skrini haikuwa na kosa. Akafungua mipangilio ya gemu, akaona ubora umewekwa ujichague wenyewe, akaulazimisha kuwa wa juu. Picha ikasimama kabisa, Gatwiri akamtazama kwa huruma, na Ednah akaurudisha ulivyokuwa. Akazima Wi-Fi na kuunganisha skrini kwa kebo. Ukungu ule ule. Mwisho akachomoa kila kitu kwenye ruta, skrini zote sita, simu ya Muthamia, hata kamera ya mlangoni, akaacha kompyuta yake peke yake kwenye waya mmoja, akapima.

Mega tano kwa sekunde. Muthamia alikuwa analipia arobaini.

"Njoo uone," alimwita. "Hapa kila mtu amezimwa. Huyo mwizi wako anaiba akitumia nini?"

Muthamia alikuna kidevu. Alisema pengine Mithika alikuwa ameweka kitu kingine mahali pengine, huko juu ya paa. Ednah alilikubali hilo kuwa swali halali, akaomba ngazi. Juu ya paa alikuta antena moja, imekazwa vizuri, imeelekea kigongoni, na hakuna mti wala jengo jipya mbele yake. Alifungua ukurasa wa antena kwa nywila aliyopewa na Muthamia. Ilikuwa inapokea ishara ya kigongoni kwa shida, kwa nguvu ndogo sana kuliko ile iliyoandikwa siku ya kwanza ilipofungwa. Hakuna mtu aliyekuwa amechomeka chochote humo.

Ikabaki ruta ya nyuma ya friji. Muthamia aliileta kwa ncha za vidole kana kwamba itamuuma. Ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia maharagwe, na waya wake wa umeme haukuwepo. Ednah aliiwasha kwa waya aliotoka nao Embu, akasoma kumbukumbu zake. Mara ya mwisho kuwaka ilikuwa tarehe tisa Januari.

"Ukungu ulianza lini?"

"Mwezi wa tatu," Muthamia alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Mithika alikuwa amekaa kwenye benchi la duka la vyuma ng'ambo ya barabara, kwa sababu alikuwa amekatazwa kukanyaga ukumbini na hakutaka mtu aseme ametoroka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba mtu hakamatwi akiwa mchafu. Ednah alikaa kando yake na kumuuliza habari za ile ruta kwanza, bila kumdokezea alichosoma ndani yake.

Mithika alijibu moja kwa moja. Ilikuwa ruta ya zamani ya ukumbi. Aliitumia kujifunza wakati wa kujiandaa kwa usaili wa hospitali, na usaili ulikuwa tarehe kumi Januari. Baada ya hapo aliisukuma nyuma ya friji kwa kuwa hapakuwa na kabati, na waya wake akauhamishia kwenye kamera ya mlangoni. Ednah alikumbuka waya wa kamera, ambao kweli haukufanana na kamera. Tarehe zilipatana. Akaifuta ruta kwenye orodha yake.

Ndipo Mithika akatoa daftari la shule lililokunjwa katikati. Kwa wiki tisa, kila siku, alikuwa ameandika saa ambayo ukungu uliingia na saa ambayo ulitoka. Ednah alilisoma polepole, kidole kikishuka kurasa, na akahisi furaha ambayo hakujaribu kuificha. Alikuwa amefanya kazi na maofisa wenye nyota mabegani ambao hawakuwahi kuandika vizuri hivi.

Ukungu uliingia saa moja na nusu asubuhi, karibu kila siku. Ulikuwa mzito hadi adhuhuri, ukalegea kidogo kidogo, na kufikia saa kumi au kumi na moja jioni picha ilikuwa nzuri. Siku za mvua ulikaa mpaka usiku. Kisha kulikuwa na safu ya Jumapili, na hapo Mithika alikuwa ameandika neno moja kila wiki: safi.

"Mvua ndiyo inaleta?" Ednah aliuliza, akimpima.

"Nilidhani hivyo. Lakini angalia Jumapili ya tatu hapo. Ilinyesha kutwa, tukaingia kanisani na miavuli. Na picha ilikuwa safi."

Basi mvua nayo ikafutwa. Wauza miraa wakafutwa pamoja nayo, na Ednah alimweleza kwa nini, kwa vile kijana alistahili kusikia. Miraa haijui Jumapili. Pikapu za Maua hukimbia Nairobi alfajiri siku zote saba, na wanunuzi hushika simu siku zote saba. Kama wao ndio wangekuwa wanakunywa intaneti, wangeinywa Jumapili pia. Alichokuwa anakitafuta ni kitu kinachoanza kazi saa moja na nusu asubuhi, kinachoisha nguvu jua linapokolea, kinachodumu kukiwa na mvua, na kinachoitii siku ya Bwana.

Mithika alielekeza kidole kigongoni.

"Nilitaka kupanda kigongoni nikaangalie ile antena," alisema. "Nimemwomba mzee mara tatu."

"Akakujibu nini?"

"Kwamba nisimtie aibu."

Ednah alivuka barabara akaenda kumuuliza Muthamia aibu hiyo ni ya namna gani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu huyo mwenye majibu mengi alianza kutafuta maneno. Nguzo ya kigongoni ilikuwa imesimama shambani kwa Ciakuthii. Ciakuthii ni mama mzazi wa Karwirwa. Na mkwe ni mkwe. Mwanamume mwenye adabu haendi kwa mama mkwe kuuliza habari za waya, haendi mikono mitupu, na hatumi vijana wakapandepande kwenye boma lake kama wanatafuta kitu kilichopotea. Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga huko tangu Krismasi. Likitokea jambo, humtuma Karwirwa.

"Kwa hivyo umekagua kila mahali isipokuwa huko," Ednah alisema.

"Huko hapana, Madam. Utaniharibia."

"Mimi si mkwe wake. Mimi nitakunywa chai tu."

Walikwenda na gari la Ednah, Karwirwa mbele akionyesha njia, kiti cha nyuma kikibeba sukari, mkate na majani ya chai. Barabara ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, ikipanda katikati ya miti ya miraa na migomba, na iliwachukua nusu saa. Kwenye kona ya mwisho kigongo kilifunguka, na Ednah akakanyaga breki katikati ya njia.

Kando ya tangi la maji palikuwa na nguzo ya chuma, si ndefu, yenye ngazi ya miti iliyoegemezwa. Juu kabisa, mahali ambapo antena zilitakiwa kuonekana, palikuwa na mzigo wa kijani uliofungwa kwa ustadi.

"Karwirwa," alisema, "kile ni nini?"

Karwirwa aliinama ili aone vizuri kupitia kioo.

"Kile ni kibunda cha miraa," alisema. "Lakini kikubwa mno." Kisha akashika mdomo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuelewa.

Ciakuthii aliwapokea akiwa na gambuti na kitambaa cha kichwa, mwanamke aliyepita sitini na tano, mwenye mikono ya mtu anayelima mwenyewe. Alimwita Ednah mwari, kama binti yake, akamkalisha, akaiombea chai baraka, na hakuna aliyeuliza neno hadi kikombe cha pili. Kiembu cha Ednah na Kimeru cha huko ni binamu wanaokutana matangani tu, kwa hiyo Karwirwa alikuwa akitafsiri. Ednah alikuwa amehoji majambazi na wanasiasa, na alijua kwamba mtu mwenye kiburi na kazi yake haulizwi kwa nini ameharibu. Alimuuliza nani aliyefunga mzigo ule juu ya nguzo vizuri namna ile.

Uso wa mama uling'aa. Ni yeye.

Akaeleza. Mwezi wa pili ukiisha, kile chombo cha juu kiliungua. Mkwe wake akatuma mafundi wa kampuni wakaweka kingine, na akatuma neno kwa Karwirwa: ni jua lililokiunguza, na kikiungua tena atalazimika kuihamisha nguzo aipeleke kwa jirani. Ciakuthii hakupenda hata kidogo. Nguzo ile ilikuwa sifa yake kwa akina mama wote wa kanisa, maana intaneti ya Muthara ililala kwake. Akawaza afanyeje. Miraa ikichumwa na kuachwa juani, kufikia adhuhuri imekufa. Ikifungwa kwa majani mabichi ya mgomba na kunyunyiziwa maji, inafika Nairobi ikiwa hai. Basi chombo kile kina tofauti gani?

Kila asubuhi, pikapu ikishaondoka na mizigo, aliyachukua majani yaliyobaki, akapanda, akavua ya jana, akafunga mapya na kuyanyunyizia. Jumapili hakufunga kitu. Ya Jumamosi aliyavua jioni, na siku hiyo nguzo ilibaki wazi, yeye akiwa kanisani.

Ednah alimuuliza ni nani anayempandia.

"Mwanamke hapandi mti wa miraa, hiyo ni mila," Ciakuthii alisema. "Lakini chuma si mti."

Ednah alicheka mpaka chai ikamwagika, na mama akacheka naye. Karwirwa peke yake hakucheka. Ujumbe ule ulikuwa umepita kinywani mwake, na kwa sababu yake kijana wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri polisi. Alisema hivyo waziwazi, kwamba anaona haya, na Ednah akamwambia aibu isubiri kwanza, kuna kazi.

Nadharia nzuri bila jaribio ni umbea tu. Ednah alimpigia simu Gatwiri, akamwambia akae mbele ya skrini na kusoma kwa sauti nambari ya jezi ya kipa. Gatwiri akasema haoni kitu. Ednah akapanda ngazi, akafungua kamba ya mgomba, akayavua majani, mazito bado kwa maji.

"Haya, soma."

"Ishirini na tatu," simu ilisema. "Ngoja. Ishirini na tatu, na amefunga kamba ya kiatu vibaya. Mmefanya nini huko?"

Akamwomba Ciakuthii ayafunge tena, kwa mkono wake mwenyewe, vile vile anavyofanya kila siku. Mama alipanda bila kushika pembeni, akafunga, akanyunyizia, akashuka. Gatwiri akalalamika kwamba ukungu umerudi. Wakavua, picha ikarudi. Walifanya hivyo mara tatu, na kila mara Ednah aliandika saa na nguvu ya ishara. Maji yaliyo ndani ya jani bichi hunywa mawimbi ya antena. Likikauka, huyaachia yapite. Ndiyo maana kila jioni picha ilijirekebisha yenyewe, na ndiyo maana mvua iliuweka ukungu mpaka usiku.

Lilibaki jambo moja lililomkera. Aliomba kuona kile chombo kilichoungua, na Ciakuthii, asiyetupa kitu, akakitoa stoo. Plastiki ya nje ilikuwa nzima, haijapinda wala kubabuka. Weusi ulikuwa pale tu waya wa umeme unapoingia. Jua halikuwa limekigusa. Kiliunguzwa na umeme uliopanda ghafla, labda siku ya radi. Muthamia alikuwa ametaja mwizi kabla ya kuchunguza mara mbili katika mwaka mmoja, na wa kwanza alikuwa jua.

Hakuna aliyemgombeza mama. Ednah alimweleza kwamba chombo hiki hupumua kwa uso wake, hivyo uso usifunikwe, na akamwahidi fundi wa kuja kuweka kipande cha bati juu ya paji lake na kinga ya umeme chini. Ciakuthii alitaka tu kuhakikishiwa kwamba nguzo haiendi kwa jirani. Alipohakikishiwa, alimfungia Ednah ndizi za kupeleka nyumbani.

Walirudi sokoni saa tisa na dakika hamsini. Gari la polisi lilikuwa tayari mlangoni. Koplo Kaburu, mtu mnene asiye na haraka, alikuwa amesimama kando ya kaunta na kitabu chake cha ripoti. Mithika alikuwa ameitwa, amesimama katikati ya ukumbi. Skrini zote sita zilikuwa safi nyuma yake na watu walikuwa wamejaa, wengine kwa gemu, wengine kwa mambo ya watu.

Muthamia alimvuta Ednah pembeni. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote kwa simu na mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mfupa. Aliomba waseme ilikuwa hitilafu ya kampuni ya intaneti. Koplo afunge kitabu, kijana aende zake, na jina la mama mkwe lisitajwe sokoni.

"La mama si lazima litajwe vibaya," Ednah alisema. "Lakini Mithika ulimwita mwizi hapa, watu wakisikia. Ukiongopa sasa, nusu ya soko itasema alihonga."

"Unajua mimi ni mzee wa kanisa?"

"Najua. Koplo anakungoja."

Kaburu aliuliza kama anamchukua mtu au hamchukui. Alikuwa na ripoti ya wizi, na ripoti haifungwi bila sababu. Aandike nini?

Muthamia alitazama kitabu. Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani. Ukumbini mtu hakucheza tena. Gatwiri aliiweka padi chini.

"Andika hakuna aliyeiba," Muthamia alisema. "Andika mimi nilituma neno la uongo kwa mkwe wangu bila kujua, akafanya alivyofanya kwa moyo mzuri. Halafu nikaogopa kwenda kuangalia."

Kaburu aliandika, akivuta kila herufi. Muthamia alimgeukia Mithika. Alisema alimwita mwizi mahali pale pale, na mahali pale pale anamwomba msamaha.

"Nilikuomba mara tatu, mzee," Mithika alisema. "Mara tatu nipande nikaangalie."

"Nilikusikia."

Mithika akalia, mtu mzima mbele ya watu, na hakuinamisha kichwa. Karwirwa alilia naye. Ednah alijifanya anakunja waya zake.

Koplo alifunga kitabu na kumuuliza Mithika kama ni yeye anayetafuta cheti cha tabia njema. Kama ni yeye, basi wasipoteze muda. Gari liko hapa, ofisi ya alama za vidole inafungwa saa kumi na moja, na leo ni Ijumaa. Mithika alipangusa uso, akamfuata hadi nje, kisha akasimama. Nje palikuwa na watu wengi zaidi ya waliokuwa ndani, wauza nyanya, watu wa bodaboda, akina mama wa kanisa, na hao wote hawakuwa wamesikia neno. Walichokuwa wanakiona ni kijana aliyeitwa mwizi Jumatano akipelekwa kwenye gari la polisi Ijumaa.

Muthamia aliliona hilo. Alimpita, akafungua mlango wa mbele, upande wa abiria, akamwonyesha kiti kwa mkono kama anavyoonyeshwa mgeni wa heshima. Mithika aliingia. Kisha Muthamia akazunguka, akapandisha suruali yake ya kanisani magotini, akapanda nyuma, kwenye lile benchi la chuma wanapokalishwa washukiwa. Kaburu alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda kusindikiza.

Gari liliondoka polepole kwa sababu ya mashimo, likapita katikati ya soko lote, na Muthamia alikaa huko nyuma peke yake, akisalimia kila aliyemwita kwa jina.